Mashine ya Kupumulia Usiku: Kabla ya Kugusa Namba, Angalia Barakoa

Ni mimi tena, muuguzi wenu wa afya ya jamii. Leo sitaanza na mada niliyowaahidi, kwa sababu kuna ujumbe wa simu uliofika, na kila nikiusoma naona kwamba hauwezi kungoja. Unasema hivi:

"Sista, mama mkwe wangu alipewa hospitalini mashine ya kupumulia usiku. Upepo unampiga machoni, na ikifika saa saba anaing'oa. Kijana wangu ameona kwenye intaneti namna ya kufungua ile menyu ya daktari iliyofichwa. Je, tuongeze nguvu ya hewa au tupunguze?"

Mama, jibu langu ni fupi. Msiongeze, wala msipunguze. Lakini najua jibu fupi halimsaidii mtu aliyeamshwa saa saba usiku na mama mkwe mwenye hasira, kwa hivyo tukae chini tulizungumze.

Kwanza niwaeleze wale ambao hawajawahi kuiona mashine hii. Tunapolala, misuli ya koo hulegea. Kwa watu wengine hulegea kupita kiasi hadi njia ya hewa inajifunga. Kifua kinavuta lakini hewa haipiti. Pumzi inakatika kwa sekunde 10 au zaidi, oksijeni kwenye damu inashuka, ubongo unashtuka, na mgonjwa anavuta pumzi kwa kishindo kama mtu aliyeibuka kutoka majini. Kisha analala tena. Asubuhi hakumbuki lolote. Anachojua ni kwamba kichwa kinamgonga, ameamka kwenda haja ndogo mara tatu, na mchana anasinzia hata akiwa kwenye mazungumzo. Aliyesikia pumzi ikikatika ni wewe unayelala naye chumba kimoja. Ndiyo sababu nazungumza na nyinyi walezi kabla ya kuzungumza na wagonjwa.

Si kila anayekoroma ana ugonjwa huu. Wanaopimwa hospitalini huhesabiwa ni mara ngapi pumzi inakatika au kupungua sana kwa saa moja ya usingizi. Kwa mtu mzima, kuanzia mara 5 hadi 14 ni hali nyepesi, 15 hadi 29 ni ya kadiri, na kuanzia 30 ni kali. Ugonjwa huu ukiachwa huandamana na presha ya juu na maradhi ya moyo, na dereva anayesinzia kwa sababu yake ni hatari kwake na kwa abiria wake.

Mashine yenyewe huitwa CPAP, na hospitalini utasikia wakiitamka sipapu. Daktari Colin Sullivan na wenzake huko Sydney, Australia, waliieleza kwa mara ya kwanza mwaka wa 1981. Watu wengi hudhani inatoa oksijeni. La. Inachukua hewa hii hii ya chumbani, inaichuja, na kuisukuma kupitia mpira hadi kwenye barakoa, ili koo lisipate nafasi ya kujifunga. Nguvu ya hewa hiyo hupimwa kwa sentimita za maji, na mashine nyingi hutoa kuanzia 4 hadi 20. Ukitaka kujua hiyo ni nguvu gani, chukua mrija wa soda, uuzamishe sentimita 10 ndani ya maji, kisha upulize mpaka mapovu yatoke. Hiyo ndiyo namba 10. Ni nguvu ndogo, lakini kwa koo lililolala inatosha.

Sasa nikiri kosa langu, maana nisipolisema mtadhani nawafokea kutoka mahali pa juu.

Mama yangu mzazi alianza kutumia mashine hii akiwa na zaidi ya miaka sitini. Kabla ya hapo alikuwa akisinzia hata akimenya viazi, kisu mkononi. Hospitalini walimwekea namba 9. Wiki mbili za kwanza tulifurahi sana, aliamka akiimba. Wiki ya tatu akaanza kukoroma tena na kulalamika kuwa upepo unamkausha macho. Mimi, na diploma yangu ya uuguzi, nikaona ninajua. Nikafungua ile menyu iliyofichwa, nikapandisha namba kutoka 9 hadi 12. Nilidhani anakoroma kwa sababu hewa ni kidogo.

Usiku ule hewa ilivuja zaidi. Nyingine aliimeza, tumbo likajaa, akakesha akicheua. Alfajiri akaivua barakoa, akaiweka juu ya kabati, akaniambia, "Mwanangu, hiki kitu kinanijaza kama tairi. Sikitaki tena." Nilimsihi, hakunisikia. Alikaa siku tisa bila mashine, maumivu ya kichwa ya asubuhi yakarudi, na nilipompima presha ilikuwa imepanda hata nikaogopa kumwonyesha.

Nilimrudisha kliniki. Fundi wa pale hata hakuwasha mashine. Alimtazama mama usoni, akamwuliza kwa upole, "Mama, usiku unajipaka nini?" Mama akajibu, "Vaseline, kama kila mtu." Basi. Ile sehemu laini ya barakoa, iliyo ya silikoni, ilikuwa ikiteleza juu ya mafuta kila alipogeuka. Mafuta ya petroli pia huiharibu ikapoteza umbo. Nayo barakoa tulikuwa tukimvalisha akiwa ameketi, na uso wa mtu hubadilika akilala, mashavu hushuka pembeni. Fundi alirudisha namba kwenye 9, akabadilisha ile silikoni, akamlaza kitandani na kumfunga mikanda upya. Usiku huo mama hakukoroma.

Kwa hivyo upepo ukimpiga mgonjwa machoni, jua kwanza kwamba hewa inavuja. Hewa inayovuja haifiki kooni, na ukiongeza nguvu unaongeza kuvuja. Mtu mwenye ndoo iliyotoboka hafungui mfereji zaidi, anatafuta tundu.

Mama uliyetuandikia, leo usiku fanya hivi. Baada ya chakula cha jioni, mama mkwe anawe uso kwa sabuni ya kawaida, aukaushe, na asijipake kitu pale barakoa inapokaa. Kama ngozi yake ni kavu, ajipake mafuta mapema jioni, kisha anawe kabla ya kulala. Akishalala katika mkao wake wa kawaida, na mto wake wa kawaida, mvalishe barakoa huku mikanda ikiwa imelegezwa. Washa mashine. Hewa ikianza kuingia, ivute barakoa mbele kidogo kutoka usoni kisha uiachilie ikae yenyewe. Ndipo ukaze mikanda, kulia na kushoto kwa usawa, kidogo kidogo, mpaka kuvuja kukome. Kidole kiweze kupita chini ya mkanda. Akina mama wengi hukaza kama wanaofunga mzigo kwenye bodaboda, na hapo barakoa hujikunja, inavuja zaidi, na asubuhi kuna kidonda juu ya pua.

Kuna jambo ambalo vitabu vya mashine hizi havisemi, nalo ni nywele. Mama aliyesuka leo rasta nene hawezi kutumia kipimo cha mikanda cha jana. Kitambaa cha kichwa kinachoteleza nacho huivuta barakoa nyuma usiku kucha. Kila anaposuka au kufumua, pima mikanda upya. Kama anavaa kofia ya kulalia, aivae kwanza, mikanda ikae juu yake. Kwa wanaume ni ndevu. Mzee akiacha ndevu wiki mbili, barakoa huvuja, naye atailaumu mashine.

Kuna vitundu vidogo mbele ya barakoa ambavyo hutoa hewa wakati wote. Hivyo si kuvuja. Hapo ndipo pumzi chafu inapotokea. Nimewahi kutembelea nyumba nikakuta vimezibwa kwa plasta ili "hewa isipotee". Tafadhali, msivizibe kamwe.

Tuje kwenye namba na menyu. Kuna mambo ambayo ni yako wewe na mgonjwa kuyarekebisha, na kuna yasiyokuwa yenu. Nguvu ya hewa, pamoja na namna mashine inavyofanya kazi, ni ya daktari, kwa kuwa iliwekwa kufuatana na vipimo. Kuna mashine zinazojipandisha na kujishusha zenyewe usiku kati ya namba mbili alizoweka daktari. Ukiona namba imebadilika, usishtuke, ndiyo kazi yake. Yaliyo yenu ni mwanzo wa polepole, unyevu wa hewa, na kwa mashine nyingine ule ulegezaji wa hewa mgonjwa anapotoa pumzi.

Mwanzo wa polepole ni rafiki wa mgonjwa mgeni. Mashine inaanza na hewa ndogo, tuseme namba 4, inapanda taratibu kwa dakika 20 au zaidi, wakati mgonjwa anatafuta usingizi. Anayesema "nanyongwa" mara tu anapovaa barakoa, mara nyingi anahitaji huu. Au kinyume chake, kuna wanaohisi namba 4 ni ndogo mno, hewa haiwatoshi, wanahaha. Hao wapunguzieni muda wa kupanda.

Unyevu hutegemea mahali mnapoishi. Aliye Lodwar au Garissa, koo likimkauka na pua ikitoa damu kidogo, apandishe unyevu hatua moja, alale nao siku mbili, kisha aamue. Aliye Limuru au Nyandarua mwezi wa Julai atapata shida nyingine. Mvuke hupoa ndani ya mpira, unageuka maji, na usiku anasikia gluglu na kumwagikiwa puani. Huyo apunguze unyevu, apitishe mpira chini ya blanketi, na mashine ikae chini kuliko kichwa cha mgonjwa ili maji yarudi kitangini. Badilisha jambo moja kwa wakati mmoja, na uandike kwenye daftari. Ukibadilisha matatu usiku mmoja, asubuhi hutajua lipi limesaidia.

Mdomo ukiamka mkavu kama unga hata baada ya kuongeza unyevu, huenda analala mdomo wazi na hewa inatokea hapo. Kwa barakoa ya puani peke yake hilo ni tatizo. Mwambieni daktari, kuna barakoa ya kufunika pua na mdomo.

Mashine nyingi humwonyesha mgonjwa asubuhi saa alizotumia, kama hewa ilivuja, na mara ngapi pumzi ilikatika kwa saa. Hesabu hiyo ikikaa chini ya 5, mambo ni mazuri. Ikipanda siku kadhaa mfululizo, tazama kwanza kuvuja. Kama hakuna kuvuja na bado iko juu, au unamsikia akikoroma na pumzi kukatika huku barakoa imekaa sawa, hapo mpigie daktari. Huenda namba kweli inahitaji kubadilishwa, hasa kama amenenepa, ana mimba, au ameanza dawa mpya ya usingizi. Pombe nayo hulegeza koo, hata ya harusi.

Maji ya kitangini yawe yale yaliyosafishwa kwa mvuke, ya kununua duka la dawa. Usitumie maji ya betri ya kituo cha petroli, kwa sababu chupa nyingine huwa na asidi. Ukikosa kabisa, maji ya kunywa yaliyochemshwa na kupoa yatakusaidia siku moja mbili, lakini ya kisima, hasa yale ya chumvi ya Pwani, huacha ukoko mweupe. Ukoko ukishaingia, loweka kitangi kwa siki iliyochanganywa na maji, kisha suuza sana. Kila asubuhi mwaga maji yaliyobaki, usiongezee juu yake. Sehemu laini ya barakoa ioshwe kila siku kwa maji ya vuguvugu na sabuni isiyo kali, mpira na kitangi kila wiki. Usitie Jik. Anika kivulini, kwa maana jua hukausha silikoni ikapasuka. Chujio la hewa likiwa jeusi au la kijivu, ama lioshe ama libadilishe, kulingana na aina yake. Kwa nyumba zetu zenye vumbi huwa mapema kuliko kitabu kinavyosema.

Na kwa kuwa mashine inavuta hewa ya chumbani, kila kilicho chumbani kinaingia kifuani. Dawa ya mbu ya kuchoma, dawa ya kupuliza, kibatari, yote yatoke. Jiko la makaa lisiingie chumba cha kulala kabisa, iwe na mashine au bila mashine. Neti ya mbu haina shida, pitisha mpira chini ya ukingo wake na uuchomekee neti vizuri.

Stima ikipotea, je? Vua barakoa. Zile za kufunika pua na mdomo zina kilango cha kuingiza hewa mashine ikizimika, lakini mgonjwa asiendelee kulala nayo. Alale ubavu na kichwa kiinuliwe kidogo, si chali. Kwa wale wenye betri ya sola, mashine nyingi zinaweza kutumia betri kwa waya wake maalum, na ukizima unyevu betri hudumu muda mrefu zaidi. Usiunge waya wa kubahatisha. Stima ikirudi kwa kishindo huua vifaa, kwa hivyo ile gadi mnayoiwekea friji, iwekeeni na mashine.

Niseme kuhusu watoto. Mtoto anayekoroma karibu kila usiku, anayelala na shingo imekunjwa nyuma, anayekojoa kitandani baada ya kuacha, au ambaye mwalimu anasema hatulii darasani, mpeleke aangaliwe. Kwa watoto wengi chanzo ni tonsili na vinyama vya nyuma ya pua vilivyokua sana, na tiba ya kwanza mara nyingi ni upasuaji, si mashine. Watoto wenye hali ya Down wako kwenye hatari zaidi. Daktari akiamua mashine, kumbuka hesabu za watoto si zile za watu wazima, na uso wake unakua. Barakoa ya Januari huenda ikambana Agosti, na kubanwa kila usiku kunaweza kuathiri mifupa ya uso. Mzoesheni mchana kwa mchezo, mwanasesere avae kwanza. La muhimu kabisa, mtoto au mgonjwa yeyote asiyeweza kujivulia barakoa mwenyewe asivalishwe ile ya kufunika pua na mdomo bila daktari kuamua na mtu kumlinda. Akitapika humo, anaweza kupaliwa.

Wengi wenu mna jamaa Marekani au Uingereza wanaowatumia mashine zilizotumika. Ni upendo, lakini ina mambo yake. Mashine hiyo imewekwa namba za mtu mwingine, kwa hivyo isivaliwe kabla ya hospitali kuipanga upya. Soma kibandiko cha adapta. Kama kimeandikwa 100 hadi 240, inafaa stima yetu, na kama kimeandikwa 110 au 120 pekee, itaungua. Barakoa, mpira na chujio viwe vipya. Tena, mwezi wa Juni mwaka wa 2021 kampuni ya Philips ilirudisha mamilioni ya mashine zake za namna hii, kwa kuwa sponji ya ndani ya kupunguza kelele ilikuwa ikimomonyoka na chembe zake zingeweza kuvutwa na mgonjwa. Ukitumiwa ya Philips iliyotengenezwa kabla ya mwisho wa Aprili mwaka huo, mwambie jamaa yako aangalie namba yake ya utambulisho kwanza. Usiifungue ukang'oa sponji mwenyewe.

Sasa mama, nirudi kwako. Mwambie kijana wako asante, ana akili, lakini hiyo menyu aiache. Umnawishe mama mkwe uso, umvalishe akiwa amelala, mikanda kwa usawa. Kama anaogopa, mchana akae nayo dakika ishirini akisikiliza redio, mashine ikiwa imewashwa, mpaka aizoee. Saa saba akiing'oa, usigombane naye gizani. Mwache ashushe pumzi, anywe maji kidogo, kisha muulize anahisi wapi upepo, umrekebishie, aanze tena na mwanzo wa polepole. Fanyeni hivyo siku tatu na uandike kwenye daftari.

Isipokubali, rudini kliniki, wala msingoje tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Na mkienda, bebeni mashine yenyewe, barakoa, mpira na waya wake, mkiwa mmemwaga maji ya kitangini ili yasiingie kwenye mota garini. Wengi hufika mikono mitupu wakieleza kwa maneno, nasi hatuwezi kuona barakoa iliyobaki nyumbani.